Sumu Katika Maji ya Kijani

Kama umewahi kuzuru Ziwa Nakuru au Bogoria, bila shaka uliwastaajabia heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Lakini tangu miaka ya 1990 ndege hao wamekuwa wakifa mara kwa mara kwa maelfu, wengine shingo zikiwa zimepinda nyuma na miguu imekakamaa.

Wako waliolaumu madini ya viwandani, wengine kifua kikuu cha ndege, na dhana hizo hazijatupwa. Hata hivyo, mwaka wa 2003 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa matumbo ya heroe wa Bogoria. Humo walikuta utando wa bakteria za kijani, aina ile ile inayoota kwenye chemchemi za maji moto kando ya ziwa, pamoja na sumu iitwayo anatoksini. Maji ya ziwa lenyewe ni chumvi kali, hivyo heroe huzikimbilia chemchemi hizo kunywa na kuoga.

Je, sumu hii huua vipi? Uinuapo mkono, neva hutoa kemikali inayouamuru msuli ukaze. Amri ikishatekelezwa, mwili huivunja kemikali hiyo mara moja, msuli ukalegea. Anatoksini huiga amri hiyo, ila mwili hauwezi kuivunja. Msuli hukazwa, hukazwa, hadi unashindwa kabisa. Misuli ya kupumua ikifikia hapo, kifo huja kwa dakika au saa chache. Hata tembo haponi: Botswana ilipopoteza zaidi ya tembo 300 mwaka wa 2020, serikali ilitaja sumu ya neva kutoka kwa bakteria za jamii hii.

Nanyi wa Kisumu? Katika Ghuba ya Winam, sumu inayopatikana zaidi ni ile ya kudhuru ini, inayotokana na bakteria hizo hizo zinazonawiri kwa mbolea na maji taka. Hapa ndipo akina mama wengi hudanganyika, kwani wameambiwa maji yakichemka yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, naam, lakini sumu hii hubaki. Tena bakteria zikipasuka motoni huimwaga yote majini. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika usiyateke, mtoto asiyaogelee, wala mbuzi asinyweshwe. Aliyeyanywa akianza kutapika au kutetemeka, mkimbize hospitalini, na umweleze daktari maji yalitekwa wapi.