Risiti ya basi siyo mzigo

Utapeli wa barua pepe upo kweli, ila huku Kahama, Geita na Katoro wengi tunalizwa kwenye WhatsApp na meseji za kawaida. Desemba ndiyo mavuno ya matapeli. Kijana anatoka machimboni na hela ya sikukuu, anataka simu au subufa ya kwenda nayo nyumbani, anaiona Instagram kwa nusu bei, eti duka lipo Kariakoo. Analipa, anatumiwa picha ya risiti ya basi. Asubuhi pale ofisi ya vifurushi hakuna hata kiboksi chenye jina lake. Ombeni lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri someni jina linalotokea. Likija jina la mtu ambalo halihusiani na duka, achaneni na huyo muuzaji, hata akisema ni la mhasibu wake (wote wana mhasibu!).

Kinachonitisha zaidi ni mafaili ya APK yanayoletwa kama kadi ya mwaliko au ofa ya Krismasi. Ukiyaruhusu kwenye Android yanaweza kusoma meseji zako, zikiwemo zile za benki zenye namba ya uthibitisho.

Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bado ipo, jamani. Iripotini TCRA kupitia 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika waifute.