MAARIFA YA NYUMBANI: CD Iliyogoma Kutoka

Picha za arusi na sauti za marehemu wetu wengi zimo katika CD, tena mara nyingi ni nakala moja tu. Basi ikigoma kutoka katika kompyuta, msichokoe kwa kisu.

Kompyuta itumiayo Linux, ile programu ya bure iliyoanza mwaka 1991, ina desturi yake: CD ikiwa kazini, mlango hufungwa, na kifungo cha nje hakisikii. Hilo si kuharibika, ni ulinzi. Fungeni kwanza programu zote zinazoonyesha picha au kupiga nyimbo. Na aliyefungua terminali ndani ya folda ya CD atoke. Mara nyingi huyo ndiye mwenye kuizuia, wala hajijui. Kisha andikeni amri hii: eject. Ikikataa, andikeni sudo umount /dev/sr0, halafu eject tena. (Jina sr0 ndilo la kawaida la mashine ya CD.) Lakini CD ikiwa bado inaandikwa, ngojeni imalize, msije mkaiharibu.

Amri zikishindwa, izimeni kompyuta, mngoje CD iache kuzunguka. Mbele ya mlango mara nyingi pana kitundu kidogo. Nyosheni klipu ya karatasi, muiingize sawasawa, mkisukuma polepole mpaka trei isogee, muivute kwa mkono. Kijiti cha kiberiti hakifai, hukatikia ndani.

Ikitoka na ufa, msiirudishe: huzunguka kwa kasi sana, yaweza kupasuka humo humo.