Waranti ya Mtengenezaji Isiwe Kichaka cha Muuzaji

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayenunua jokofu au televisheni mpya hutoka dukani na vitu vitatu: bidhaa yenyewe, risiti na kadi ya waranti. Mara nyingi huitunza kadi na kuitupa risiti, kwa kuamini kwamba siku kifaa kitakapoharibika, kampuni iliyokitengeneza ndiyo itakayowajibika. Imani hiyo ni chanzo cha usumbufu mkubwa kwa walaji wa vifaa vya kielektroniki, kwani inampeleka mlalamikaji kwa aliye mbali zaidi na kumwacha huru aliye karibu naye.

Mzunguko wenyewe unafahamika. Jokofu linaacha kugandisha mwezi wa nne tangu linunuliwe. Mwenye duka anasema yeye ni muuzaji tu, mteja aende kituo cha huduma cha kampuni. Kituoni anaambiwa kompresa imekufa, kipuri kinaagizwa kutoka nje ya nchi, asubiri kupigiwa simu. Simu haipigwi. Akifuatilia, anaelezwa kuwa hitilafu imetokana na umeme kupanda na kushuka, jambo ambalo kadi ya waranti imeliondoa kwa maandishi madogo. Kwa mama anayeuza juisi na samaki wa kugandisha Mbagala, wiki sita za namna hiyo ni mtaji unaooza.

Hoja ya umeme inahitaji kutazamwa kwa makini. Ni kweli kwamba vifaa hivi hutengenezwa kwa umeme wa takriban volti 230, na umeme unaporejea ghafla baada ya kukatika unaweza kuunguza bodi. Hata hivyo, hoja hiyo hutolewa wakati mwingine kabla kifaa hakijafunguliwa. Gesi inayovuja kwenye kiungo cha bomba kilichochomelewa vibaya kiwandani haina uhusiano wowote na volti. Anayedai kuwa umeme ndio chanzo aeleze kwa maandishi ni sehemu gani imeungua na amejuaje, na mlaji aiombe taarifa hiyo kabla ya kuondoka na kifaa chake. Kumkimbilia fundi wa mtaani mapema nako kuna hasara: stika ya waranti ikishachanwa, kampuni imepata sababu nyingine ya kukataa.

Ipo pia sababu isiyozungumzwa sana. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa katika maduka yetu, Kariakoo ikiwemo, ni halisi kabisa lakini zimenunuliwa na wafanyabiashara huko Dubai au Guangzhou nje ya mfumo wa mawakala wa kampuni husika. Kituo cha huduma kikiangalia namba ya kifaa, kinaikuta imesajiliwa kwa soko la nchi nyingine, na waranti inakataliwa. Mteja hakudanganywa kuhusu bidhaa. Amedanganywa kuhusu kadi iliyokuwa ndani ya boksi.

Sheria haikumwacha mlaji peke yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni na kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamtaka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kuuza kitu chenye ubora unaokubalika. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ikaongeza nguvu: inaweka masharti ya lazima katika mikataba ya walaji na kugusa pia wajibu wa mtengenezaji. Masharti hayo yapo hata pale ambapo hakuna kadi yoyote, wala hayafutwi na maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanayobandikwa ukutani. Kadi ya waranti ni nyongeza juu ya haki hizo, nayo haiwezi kuwa mbadala wake. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni duka lililopokea fedha, kisha Tume ya Ushindani (FCC), inayopokea malalamiko ya walaji.

Ugumu uliobaki ni wa gharama. Mtu mwenye televisheni ya shilingi laki tano aliyeko wilayani hulinganisha nauli, siku za kazi na thamani ya kifaa, kisha huamua kununua nyingine. Muuzaji asiye mwaminifu anaijua hesabu hiyo, naye huihesabia. Hapa kuna la kujifunza Ulaya, ambako Maagizo ya mwaka 2024 kuhusu ukarabati wa bidhaa, yanayoanza kutumika Julai 31, 2026, yanawabana watengenezaji wa majokofu, televisheni na simu kuzifanyia ukarabati hata baada ya dhamana ya kisheria kwisha. Pale ambapo mtengenezaji yuko nje ya Umoja wa Ulaya na hana mwakilishi ndani yake, wajibu unamshukia mwagizaji, na asipokuwepo, msambazaji. Kwa nchi kama yetu, ambayo sehemu kubwa ya vifaa hivi huingia kupitia bandarini, kipengele hicho cha mwagizaji kina uzito kuliko vingine vyote. Kadi ya waranti ingepaswa kutaja, kwa Kiswahili, jina la mwagizaji aliye hapa nchini na mahali anapopatikana.

Kwa sasa silaha ya mlaji ni risiti ya EFD, nayo ina kasoro mbili. Risiti nyingi huandikwa "TV" au "friji" pasipo modeli wala namba ya kifaa, hivyo muuzaji anaweza kudai kuwa kilicholetwa sicho alichouza; mnunuzi aombe namba hiyo iandikwe na kugongwa muhuri wa duka kabla ya kulipa. Pili, maandishi ya karatasi yake hufifia kwa joto, pengine hata kabla ya mwaka wa waranti kwisha. Ipigwe picha siku ileile.