Tuwahesabu Vitwitwi Kabla ya Safari

Kila mwaka, katika miezi ya Machi na Aprili, mlango wa Mto Sabaki, ulio kaskazini ya mji wa Malindi, huwa na shughuli kubwa ambayo wapita njia wengi hawaitambui. Maji ya bahari yapwapo na tope kubaki wazi, makundi ya vitwitwi hushuka na kwenda mbio huku na huku, wakidokoa minyoo, konokono wadogo na vijikaa. Maji yajaapo hupumzika mchangani. Yakipwa tena hurudia kula, hata usiku.

Mchunguze mmoja wao: yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Mwezi wa Desemba huwa na rangi ya kijivu na uzito wa gramu 55 hivi. Ifikapo mwisho wa Aprili kifua chake kimekuwa chekundu kama tofali, na uzito wake huweza kuzidi gramu 80. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta, na sababu yake ni wazi: gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Kwa akiba hiyo huanza safari ya zaidi ya kilomita 8,000 hadi nyika za baridi za Siberia, karibu na Bahari ya Aktiki, ambako hutaga theluji ikishayeyuka mwezi wa Juni. Wasiogeuka rangi aghalabu ni wachanga wa mwaka wa kwanza, na wengi wao hubaki kusini mwaka huo.

Maoni yangu ni kwamba somo hili halitoshi kuchorwa ubaoni kwa mishale. Wanafunzi waende ufukoni wakahesabu, nao wahesabu kila mwaka.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Hawatoweki kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na jicho halikumbuki idadi ya mwaka jana. Mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile ulimpandisha kitwitwi huyu katika daraja la viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka. Jambo hilo lisingejulikana kama watu wa nchi mbalimbali wasingaliketi ufukoni kwa miaka mingi, wakihesabu na kuandika.

Wako watakaosema kwamba hawa ni ndege wa Siberia, na sisi tunayo yetu ya kuhesabu. Hoja hiyo haina uzito. Kitwitwi mzima hukaa Siberia yapata miezi miwili tu, lakini huishi katika fuko za kusini zaidi ya nusu ya mwaka. Tena, tope analolia chakula limeletwa na mto huo huo unaoanzia nyanda za juu kwa jina la Athi, ukapita Tsavo kwa jina la Galana, ukiwa umebeba udongo wa mashamba yetu. Mwanafunzi aanzaye kwa kuhesabu ndege hatakawia kuuliza juu ya mmomonyoko wa udongo, taka za miji na ujenzi wa fukoni. Hapo ndipo sayansi huanza.

Kazi yenyewe haihitaji vyombo vya gharama. Chagueni mahali pamoja na wiki moja ileile kila mwaka, maji yakiwa katika hali ileile. Kundi likiwa kubwa, hesabuni ndege kumi, mkadirie ni makumi mangapi. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji na idadi. Msiwakaribie mno, kwani kila warukapo kwa hofu huyateketeza mafuta waliyoyatafuta kwa saa nyingi. Shule zilizo karibu na Mida, delta ya Rufiji au ufuko mwingine wowote wa tope zaweza kufanya vivyo hivyo.

Idadi ya mwaka mmoja haithibitishi lolote. Lakini daftari lililotunzwa kwa miaka kumi, likipokezwa kutoka darasa moja hadi jingine, ni ushahidi. Mwalimu atakayelifungua Aprili ijayo huenda asiwepo siku litakapotoa jibu. Hiyo si sababu ya kutolifungua.