Mkonga wa Nini Kwenye Lami?

Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza semina ya siku mbili mjini Dodoma, na mada yake kubwa ilikuwa matumizi bora ya mali ya umma. Wakati wa chai nilitoka nje, nikapita katikati ya magari yaliyowaleta washiriki. Karibu kila Land Cruiser yenye namba za umma ilikuwa imefungwa mkonga ubavuni, ngao nzito ya chuma mbele, na keria yenye msururu wa taa juu ya paa. Gari moja lilikuwa na winchi ambayo kamba yake ya waya ilikuwa bado na grisi ya dukani. Haijapata kuvuta hata gogo. Nilimwuliza dereva wake gari hilo hufanya safari zipi. Akanijibu bila kuficha: nyumbani kwa bosi, ofisini, uwanja wa ndege, na mara moja moja Dar es Salaam. Safari zote hizo, ndugu msomaji, ni lami tupu.

Yafaa tuelewane kwanza mkonga ni kitu gani, maana wengi wanaoupenda hawaujui. Injini haiwezi kuishi bila hewa, na katika gari la kawaida hewa hiyo huvutwa kutoka ndani ya boneti, karibu na usawa wa taa za mbele. Gari likiingia mtoni na maji yakafika hapo, injini huyanywa. Na kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa, pistoni hugota na mikono yake hupinda au kukatika. Mkonga huupandisha mdomo wa hewa hadi usawa wa paa. Kwenye barabara ya vumbi husaidia pia, kwa sababu hewa ya juu ina vumbi kidogo na chujio haliwahi kuziba. Ni chombo cha maana kabisa. Muuguzi anayepeleka chanjo katika bonde la Kilombero wakati wa masika anauhitaji, na mpima ardhi vilevile.

Lakini mkonga peke yake haulifanyi gari kuwa mamba. Difu na giaboksi navyo vina matundu ya kupumulia. Difu iliyopata joto ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea, na kama tundu lile halikuungwa mpira wa kulipandisha juu, difu huvuta maji yakachanganyika na oili. Mpira huo ni wa bei ndogo, tena hauonekani. Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliniambia kwamba wateja wanaomwagiza mkonga ni wengi, bali wanaomwuliza habari za matundu ya difu ni wa kuhesabu kwa vidole. Kumbe kinachonunuliwa ni sura ya mtu aliyevuka mto. Kuvuka kwenyewe hakumo katika mipango.

Kama mambo yangeishia kwenye mapambo, huenda ningenyamaza. Ngao ni jambo la hatari. Gari la kisasa limeundwa ili sehemu yake ya mbele ijikunje inapogonga, kishindo kiishie kwenye bati kabla hakijawafikia abiria, na mifuko ya hewa imepangwa ifumuke kwa kufuata mkunjo huo. Ukifunga bomba la chuma moja kwa moja kwenye chesesi umeivuruga hesabu yote. Kwa aliye nje ya gari ni vibaya zaidi. Walimu wanaosoma makala haya wanawajua watoto watembeao kando ya barabara kuu alfajiri kwenda shule. Ngao ya Land Cruiser iko sawasawa na kifua na kichwa cha mtoto wa darasa la pili. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2005 kwamba ngao za aina hiyo zisiuzwe bila kupimwa madhara yake kwa mwenda kwa miguu. Serikali ya India nayo, Desemba 2017, iliyataka majimbo yachukue hatua dhidi ya magari yaliyofungwa ngao. Nchi zilikoshamiri sana ni Australia, ambako dereva wa usiku hukutana na kangaruu katikati ya nyika isiyo na mtu. Dodoma mjini hatuna kangaruu. Na tukisema wanyama wa Mikumi, dawa yao ni kupunguza mwendo kama vibao vinavyoagiza.

Matairi makubwa kuliko ya kiwandani nayo yana hila yake. Huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa, hivyo kipimo humwonyesha dereva mwendo mdogo kuliko anaokwenda, na kitabu cha safari huandikwa kilometa pungufu huku mafuta yakizidi. Mhasibu wa idara ataumiza kichwa bure. Springi zikiinuliwa, uzito wa gari hupanda juu, na kona za Kitonga hazijali cheo cha abiria. Ama vijana wanaotoboa mabomba ya moshi ya Subaru na Altezza ili yangurume usiku kucha, hao wanastahili makala yao. Nasema tu kwamba wao hutumia fedha zao wenyewe, na askari wa barabarani akiwasimamisha hawana bosi wa kumpigia simu.

Atakayedhani kwamba nachukia ufundi wa kubadili magari, na aende Arusha. Huko mafundi huchukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1984, wakaikata chesesi, wakairefusha, wakaongeza viti, wakaimarisha springi za nyuma na kutengeneza paa linalonyanyuka ili mgeni asimame na kumtazama tembo. Mengi ya magari hayo huendeshwa na injini ile ya dizeli ya lita 4.2, isiyo na mbwembwe, ambayo Toyota ilianza kuifunga mwaka 1990. Hushuka bonde la Ngorongoro na kuvuka Serengeti, yakaiingizia nchi fedha za kigeni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hivi vimeundwa na Watanzania, kila bati likiwa na sababu yake.

Wapo watakaosema kwamba kiongozi huenda vijijini, na vijijini kuna matope. Ni kweli. Mkonga uliokuja na gari kutoka kiwandani sina ugomvi nao, wala gari la mkuu wa wilaya ambaye barabara zake hukatika kila mwaka. Lakini mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika pale Somanga, na mabasi, malori na mashangingi yote yalisimama foleni moja. Mkonga haurukii daraja lililokwenda na maji. Fedha za taa na ngao ni fedha za makalvati, na makalvati huwavusha wote.

Wazee wetu waliwaita wakubwa wa namna hii Wabenzi. Mwongozo wa 1971, katika ibara ya 15, uliwapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na dharau. Leo Benzi imepandishwa springi na kutiwa mkonga, ikaitwa gari la kazi, na kwa jina hilo hupita kwenye vitabu vya hesabu bila kuulizwa.

Hatua ya kwanza haihitaji kamati. Kila idara ifungue vitabu vya safari vya magari yake vya miezi 12 iliyopita. Gari ambalo halikuiacha lami livuliwe winchi na taa za ziada, vipelekwe kwa magari ya wagonjwa ya wilaya zenye mito. Ngao ziuzwe chuma chakavu. Mikonga ya V8 haitaingia kwenye magari yale, nayo ibaki stoo. Yule dereva niliyezungumza naye Dodoma anazo spana zote zinazotakiwa.