Wakazi wa Turkana waambiwe kabla mlango haujafungwa

Ukitoka Kakuma kwa barabara ielekeayo Sudan Kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 95, unafika Lokichoggio. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Lopiding. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) iliifungua mwaka 1987 ili kutibu majeruhi wa vita vya Sudan. Ilianza na vitanda vichache, ikapanuka hadi ikapita vitanda 500, ikawa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za vita duniani. Majeruhi waliletwa kwa ndege na kupasuliwa na madaktari waliotoka nchi mbalimbali, na waliokatwa miguu walitengenezewa ya bandia papo hapo. Mturkana aliyepigwa risasi katika wizi wa mifugo, au mama aliyeshindwa kujifungua, naye hakufukuzwa langoni.

Januari 2005 mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa saini jijini Nairobi. Mwaka uliofuata ICRC ikaikabidhi serikali ya Kenya hospitali hiyo, ikaondoka. Mashirika mengine nayo yakahamia Juba, ndege zikapungua angani na maduka mjini yakakosa wateja.

Lopiding haikufa. Hadi leo ni hospitali ya umma, na wapo wauguzi wanaojitolea ndani yake kwa moyo. Lakini wenye umri wa kutosha wanajua ilivyokuwa na wanaona ilivyo, na hakuna anayehitaji kuwaelezea tofauti hiyo. ICRC haina hatia hapa. Ilikuja kwa ajili ya vita, vita vikaisha, ikafunga virago kama ilivyotarajiwa. Deni lipo upande wa pili wa makabidhiano, kwa waliopokea funguo. Je, walikuwa wametenga fedha za madaktari wa upasuaji? Mgonjwa wa Lokichoggio aliambiwa aende wapi ikiwa huduma aliyoizoea haipo tena? Maswali hayo yalipaswa kujibiwa barazani kabla ya siku ya kukabidhiana.

Sasa Turkana inaelekea kwenye makabidhiano mengine, makubwa kuliko ya Lopiding.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Kwa kuunganishwa na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao 300,000. Kwa miaka mingi huduma za afya humo zimebebwa na mashirika kama International Rescue Committee na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kwa fedha za wafadhili. Wenyeji pia hutibiwa huko. Mwanakijiji wa Kakuma anapozidiwa usiku, hukimbizwa ama hospitali ya misheni ya Dayosisi Katoliki ya Lodwar, ama hospitali ya Ammusait kambini, kutegemea ugonjwa na pesa aliyonayo mfukoni.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limekoma kuendesha miradi. Mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa mara kadhaa, hadi kufikia takriban asilimia 28 ya kiwango kamili katikati ya mwaka. Machi wakimbizi waliandamana, polisi wakafyatua risasi na watu kadhaa wakajeruhiwa. Mwezi huo huo, tarehe 28, Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, ambao unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida na kuziingiza huduma za wakimbizi katika mifumo ya serikali. Kwa lugha nyepesi, zahanati na hospitali zilizojengwa na wafadhili zitakuja mikononi mwa kaunti.

Wazo lenyewe ni jema. Hakuna sababu ya mtoto wa Kalobeyei na mtoto wa kijiji cha Lokore kuwa na hospitali mbili zenye wamiliki wawili. Kinachotisha ni kwamba kaunti inakaribia kurithi mzigo huu wakati aliyekuwa akiulipia anaondoka, na mwananchi hajaonyeshwa hesabu.

Ndiyo maana watu hawaamini ahadi. Viongozi wengine hupenda kusema kuwa wakazi wamezoea msaada, au wanachochewa na wapinzani wa kisiasa. Maelezo hayo ni ya dharau, na hayalingani na historia. Mapema miaka ya 1980, Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ilijengewa kiwanda cha samaki kwa fedha za Norway, na hakikudumu kufanya kazi. Mwaka 1990 Kenya na Norway zilivunja uhusiano wa kibalozi, na miradi ya Norway ikakatika. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa upande wa Lokichar, na matumaini yakapanda. Septemba 2013 taifa zima lilitangaziwa kwamba chini ya Lotikipi, si mbali na Kakuma, kuna maji ya kuitosha Kenya miongo mingi; yalipopimwa baadaye yalikutwa na chumvi nyingi mno. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkazi wa Lodwar anayeuliza maswali makali kuhusu wadi iliyofungwa anatumia kumbukumbu yake vizuri.

Kaunti nayo ina hoja zake, na zinastahili kusikilizwa. Gavana Jeremiah Lomorukai hakuamua kufungwa kwa USAID. Turkana ni pana mno. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 waliotapakaa kutoka mpaka wa Uganda hadi ziwani, wengi wao wakihama na mifugo. Daktari bingwa akipewa barua ya kwenda Lodwar mara nyingi hutafuta njia ya kubaki Eldoret. Haya yote ni kweli.

Lakini tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Turkana imekuwa miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa zaidi kutoka hazina ya kitaifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ilipata zaidi ya Sh12.6 bilioni, ikiwa ya tatu baada ya Nairobi na Nakuru. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti vituo vya afya, maduka ya dawa na ambulensi. Mwenye mamlaka hayo hawezi kusimama kando na kutazama mfadhili akifunga, kama jirani aliyepita njia.

Tena hapa si mahali pa kufanyia majaribio. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilionyesha kuwa kina mama 1,594 walifariki Turkana kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban 495. Kila kituo kinachofungwa huongeza safari ya mama mjamzito, na kutoka Kakuma hadi Hospitali ya Rufaa ya Lodwar ni kilomita zipatazo 120. Bodaboda haziwezi kuwa ambulensi za kaunti.

Hata katika nchi tajiri watu hudai kuambiwa mapema. Huko Atlanta, Marekani, wenye hospitali ya Atlanta Medical Center walitangaza mwishoni mwa Agosti 2022 kwamba wataifunga, na Novemba 1 ikafungwa. Wakazi na viongozi wa jiji walilalamika kwamba miezi miwili ni ghafla mno. Lakini mgonjwa wa Turkana aliyefika kituoni Januari 2025 akitaka dawa za ukimwi au za kifua kikuu alikuwa na bahati akikuta hata karatasi mlangoni.

Kinachotakiwa hakihitaji mfadhili. Kaunti ichapishe orodha ya kila kituo cha afya kinachotegemea fedha za nje, ieleze fedha hizo zinakwisha lini, na nani atalipa mishahara baada ya hapo. Orodha hiyo isomwe kwa Kiturkana na Kiswahili katika mabaraza ya machifu, redioni na kambini, si kuwekwa kwenye tovuti tu. Huduma ikilazimika kusitishwa, wagonjwa waambiwe mapema watapokelewa wapi na watafikaje huko. Sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa vituo vya afya inataka mapato ya hospitali yabaki hospitalini. Basi kila kituo kibandike ukutani kilichokusanya na kilichotumia. Gavana na waziri wake wa afya wakianza na Ammusait na Lopiding, watu watakuwa na kitu cha kushika mkononi badala ya ahadi.

Nao wananchi wasingoje. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi katika bunge la kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa Kiingereza au Kiswahili bila kulipia ombi lenyewe, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa kuliandika. Taarifa ya kawaida hujibiwa ndani ya siku 21. Inayohusu uhai wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Ofisi ikikaa kimya, malalamishi yapelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Kufungwa kwa hospitali ni jambo la uhai, na ombi la kwanza kutoka Kakuma au Lodwar linaweza kuandikwa wiki hii.