Shukrani si Kufunga Mdomo

Mwandishi aliyetushauri sisi tuliokimbia vita "tushukuru na tunyamaze" anasema Marekani ilitupa amani. Amani ipi? Patrick Lyoya alitoka Kongo, akapokelewa Marekani kama mkimbizi mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, polisi alimsimamisha kwa kuwa namba haikulingana na gari. Akakimbia, wakakabana, wakagombea kifaa cha shoti ya umeme. Akiwa kifudifudi chini, alipigwa risasi ya kisogoni. Alikuwa na miaka 26. Baba yake alililia haki kwa Kiswahili mbele ya waandishi wa habari, mkalimani akiwa kando. Mei 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi ya polisi huyo lilishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akakataa kuirudia.

Nitaambiwa hakupaswa kukimbia. Kweli, hakupaswa. Lakini tangu lini adhabu ya kumkimbia polisi ikawa kifo?

Mimi nami nililelewa kambini. Leo nalipa kodi Marekani, wanangu wamezaliwa hapa. Shukrani ninayo, tena tele. Ila nchi niliyoiapia si dari ya kujihifadhia mvua. Ni kwangu, na kwangu nitauliza ni nani aliyemuua mwanetu na kwa nini yuko huru.